Askofu Frank Weston na Kazi ya Lazima

Jina la Askofu Frank Weston si geni kwetu. Wengi tumelisikia tangu tulipokuwa katika darasa la Kipaimara, na waliosoma katika shule za misheni walifundishwa kumwombea. Husimuliwa mara nyingi habari za ibada yake, za ugomvi wake na maaskofu wenzake, na za upendo wake kwa Sakramenti Takatifu. Mambo hayo ni kweli, nasi hatuyapunguzi. Lakini iko sehemu moja ya maisha yake ambayo hutajwa kwa haraka, kama mtu apitaye mlangoni pa jirani bila kubisha hodi. Ni habari ya jinsi alivyowatetea watu wa nchi hizi walipolazimishwa kufanya kazi kwa faida ya wengine, na jinsi alivyowakabili Wajerumani kwanza, kisha akawageukia Waingereza wenzake kwa kosa lile lile.

Alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma Oxford, akamaliza mwaka 1893 kwa kufuzu daraja ya kwanza katika elimu ya dini. Mtu wa namna hiyo angeweza kubaki chuoni na vitabu vyake mpaka mvi zimtoke. Yeye alikwenda kufanya kazi Stratford, mashariki ya London, mahali pa maskini, na huko aliona watu wanaofanya kazi tangu alfajiri hata usiku na bado wana njaa. Tunadhani macho aliyoyapata Stratford ndiyo aliyokuja nayo Unguja mwaka 1898, alipojiunga na Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA.

Yafaa tukumbuke Unguja ilikuwaje mwaka ule. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na juu ya uwanja wake Askofu Steere alikuwa amejenga Kanisa Kuu la Mkunazini. Lakini amri ya Sultani ya kuondoa utumwa kisheria ilikuwa imetolewa mwaka 1897 tu, yaani mwaka mmoja kabla Frank Weston hajashuka melini, na hata hiyo iliwaacha masuria nje mpaka mwaka 1909. Basi kijana huyu alikuta watu waliokuwa watumwa jana, na mabwana waliokuwa bado wanalikumbuka shamba la karafuu lililolimwa bila ujira. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, alichokuja kukiongoza tangu 1901, kilianza kwa ajili ya wavulana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wasomaji wa Dar es Salaam na Pwani watapenda kukumbuka kwamba chuo hicho ndicho kilichohamia Minaki mwaka 1925.

Sisi tuliopita katika vyuo vya ualimu twajua kwamba mkuu wa chuo hujulikana kwa jinsi anavyokaa na wanafunzi saa za jioni, wakati kengele za vipindi zimenyamaza. Weston alikaa na wanafunzi wake. Alikijua Kiswahili vizuri, akafundisha na kuhubiri kwacho. Alikuwa mkali, hilo hatulifichi. Lakini aliamini kwamba kijana wa Kiafrika aweza kuwa padre kamili, mwenye elimu ya kutosha, na miaka ile wako Wazungu wengi waliolicheka jambo hilo.

Mwaka 1908 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Unguja. Dayosisi yake haikuwa kisiwa tu. Ilifika Pemba, ikavuka bahari mpaka Bondei na Magila, ikashuka kusini hata Masasi na mto Ruvuma. Bara yote hiyo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Askofu alisafiri sana kwa miguu, na mtu atembeaye kwa miguu huona mambo ambayo mpanda gari moshi hayaoni. Huko Usambara, milimani juu ya Bondei, serikali ya Wajerumani iliweka mwaka 1907 utaratibu wa kadi. Kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka amfanyie Mzungu kazi siku thelathini katika kila miezi minne, na aliyekataa alichukuliwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Kusini watu walilazimishwa kulima pamba, na mwaka 1905 wakaamka katika vita vya Majimaji. Misheni ya Masasi yenyewe ilichomwa moto katika ghasia zile. Na habari ya kiboko, ile hamsa ishirini, bado imo midomoni mwa wazee wetu hata leo.

Ugomvi wa Kikuyu wa mwaka 1913 hatutauelezea kirefu. Askofu Frank aliwashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwamba wameuza imani kwa kukubali ushirikiano na Waprotestanti wengine. Kanisa zima la Kianglikana lilitikisika. Twautaja kwa sababu jina la Askofu Willis wa Uganda litarudi mbele kidogo.

Kisha vita vikaja, mwaka 1914. Waalimu na mapadre Waafrika wa misheni waliokuwa bara walikamatwa na Wajerumani kwa kuwa walikuwa watu wa misheni ya Kiingereza, wakafungwa na kuteswa. Askofu wao alikuwa Unguja, ng'ambo ya maji, hana njia ya kuwafikia.

Mwaka 1916 jeshi la Waingereza lilihitaji wapagazi. Vita vya nchi hizi havikupiganwa kwa magari. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwako, na kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Askofu Frank hakuwaacha watu wa Unguja waende peke yao. Alikubali kuwakusanya na kuwaongoza mwenyewe, akapewa cheo cha meja, akatembea pamoja nao upande wa pwani, Bagamoyo hata Dar es Salaam. Wako watakaouliza kama askofu afaa kuvaa cheo cha jeshi. Sisi twaona swali hilo ni la haki. Lakini alikwenda ili asiwepo mtu wa kuwapiga wale watu au kuwaacha njiani wakiugua, na alilala walipolala.

Wapagazi wengine hawakuwa na askofu. Hasa mwaka 1917, katika nchi iliyoitwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya, watu walikusanywa kwa nguvu kijiji kwa kijiji. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa mtumishi wa serikali aitwaye John Ainsworth. Hesabu ya serikali yenyewe ilikubali kwamba wapagazi zaidi ya elfu arobaini walikufa, wengi wao kwa kuhara, kwa homa ya mapafu na kwa chakula kibovu, na waliochunguza habari hizo baadaye wanasema idadi ya kweli ilipita hiyo sana. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Jina la jeshi lao kwa Kiingereza ndilo lililogeuka katika midomo ya watu likawa Kariakoo. Tunakwenda Kariakoo kununua vitenge na masufuria, na mara chache tunakumbuka tunatamka jina la nani.

Mwaka 1918 Askofu Frank aliandika kijitabu kwa namna ya barua ya wazi kwa Jenerali Smuts. Alikipa jina lenye maana ya Watumwa Weusi wa Prussia. Alieleza humo jinsi Wajerumani walivyowatendea Waafrika, akaomba nchi hii isirudishwe mikononi mwao. Serikali ya Uingereza ilifurahi sana kupata shahidi kama huyo. Maneno ya askofu yalifaa haja zake, kwani Waingereza wenyewe waliitaka nchi. Kama maisha yake yangeishia hapo, twaweza kusema kwamba alikuwa Mwingereza mwema aliyeona makosa ya adui. Watu wa namna hiyo si haba.

Sasa tufike mwaka 1919. Gavana wa Himaya ya Afrika Mashariki wakati huo alikuwa Jenerali Edward Northey, ambaye katika vita aliongoza majeshi upande wa Nyasa, na kwa hiyo alijua vizuri wapagazi walikuwa watu gani. Serikali ilikuwa imeanza mpango wa kuwapa askari Wazungu waliotoka vitani mashamba makubwa. Mashamba yanataka vibarua, na Waafrika hawakuwa na haja ya kuacha mashamba yao wenyewe kwa ujira mdogo. Basi tarehe 23 Oktoba 1919 ulitoka waraka wa kazi, uliotiwa sahihi na yule yule John Ainsworth, aliyekuwa sasa mkuu wa mambo ya wenyeji. Waraka uliwaagiza mabwana shauri wahimize kila mwanamume mwenye nguvu atoke kwenda kufanya kazi kwa masetla. Machifu na wazee waliambiwa wasaidie. Majina ya machifu waliosaidia na ya wale wasiosaidia yalitakiwa yaandikwe. Mahali ambapo mashamba yalikuwa karibu na vijiji, hata wanawake na watoto walitakiwa wahimizwe. Na ikiwa haitoshi, sheria kali zaidi ingeweza kutungwa.

Mtu akiusoma waraka ule kwa macho ya juu juu, haoni neno la kulazimisha. Ni kuhimiza tu. Lakini sisi tuliozaliwa vijijini twajua maana ya bwana shauri kumhimiza chifu, na chifu kumhimiza mtu wa kawaida. Chifu ambaye jina lake litaandikwa katika orodha mbaya hatarudi kijijini kubembeleza. Atatuma vijana wenye fimbo. Mke atasikia mlango unagongwa usiku. Na mwaka uliofuata sheria nyingine iliongezwa, ya kuwataka watu wafanye kazi ya serikali hata siku sitini kwa mwaka, ila wale waliokwisha kufanya kazi ya kuajiriwa. Kwa hiyo mtu alichagua, ama setla ama serikali.

Maaskofu wa Mombasa na Uganda, Heywood na Willis, pamoja na Daktari Arthur wa misheni ya Waskoti, waliandika barua juu ya waraka huo. Tuwatendee haki. Walisema wazi kwamba kulazimisha kwa kujificha nyuma ya machifu kutaleta uonevu. Lakini dawa waliyoipendekeza ilikuwa kwamba, ikiwa lazima haina budi kuwapo, basi iwekwe na sheria iliyo wazi, yenye mipaka na ulinzi. Walikuwa watu wema waliotafuta kupunguza ubaya.

Askofu Frank hakukubali. Kwake yeye, kumtoa mtu katika shamba lake mwenyewe kwa nguvu ili atajirishe shamba la mtu mwingine ni utumwa, hata akilipwa, hata ikiandikwa sheria nzuri ya kumlinda. Aliona pia litakalotokea nyumbani: mume yuko mbali, mke na watoto hawana mtetezi, na ndoa ambayo Kanisa limeibariki inavunjwa na serikali inayojiita ya Kikristo. Alipofika Uingereza mwaka 1920 kwa Mkutano wa Maaskofu wa Lambeth, alitoa kijitabu kingine. Jina lake safari hii lilikuwa na maana ya Watwana wa Uingereza. Wasomaji walinganishe majina hayo mawili. Kwa miaka miwili tu kalamu ile ile ilihama kutoka Prussia hata Uingereza, na mizani haikubadilika. Wale waliompigia makofi mwaka 1918 hawakufurahi mwaka 1920.

Masetla na marafiki zao walikuwa na jibu lao, nalo lilikuwa tamu masikioni. Walisema kwamba kazi inamfundisha Mwafrika. Akikaa kijijini ni mvivu, akija shambani kwa Mzungu anapata ustaarabu, anapata nguo, anajifunza saa. Tunaomba wasomaji wasilicheke jibu hili upesi. Tunalisikia bado katika nyumba zetu wenyewe, kanisani humu humu. Msichana analetwa kutoka kijijini akiwa na miaka kumi na mbili, huamka saa kumi ya usiku, hulala baada ya sufuria la mwisho kuoshwa, haendi shule, na ujira wake hupelekwa kwa mjomba ikiwa unapelekwa. Ukimwuliza mama mwenye nyumba, atakujibu kwamba anamfundisha kazi, na kwamba kwao angekuwa na njaa. Labda ni kweli kwamba kwao angekuwa na njaa. Masetla nao walisema hivyo.

Turudi Uingereza. Askofu Frank hakuwa peke yake. J. H. Oldham, katibu wa mambo ya misheni, mtu mpole aliyejua kufungua milango ya wakubwa, alikusanya makanisa pamoja, na Askofu Mkuu Davidson wa Canterbury akaingia katika jambo hilo. Mwezi wa Julai 1920 lilijadiliwa katika Baraza la Malodi. Oldham alifanya kazi ya kusema na mawaziri faraghani, Weston alifanya kazi ya kupiga kelele, na sisi twadhani kila moja ilihitaji nyingine. Mwezi wa Septemba 1921 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa makoloni, alitoa amri kwamba watumishi wa serikali wasishughulike tena kuwaandikia watu binafsi vibarua, na kwamba kazi ya lazima kwa serikali nayo ibanwe.

Lingekuwa kosa kusema kwamba Wazungu wachache London ndio waliomaliza jambo. Kodi ilibaki, na kodi humsukuma mtu kama fimbo isukumavyo. Kipande kilibaki, kikaning'inia shingoni mwa wanaume wa Kenya kwa miaka mingi. Waafrika wenyewe walisimama. Harry Thuku alikusanya watu Nairobi kupinga kipande, kodi na kuwachukua wanawake kazini kwa nguvu. Alipokamatwa mwezi wa Machi 1922 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai. Mwanamke aitwaye Mary Nyanjiru aliwatia wanaume haya kwa woga wao, umati ukasogea, na askari wakapiga risasi. Serikali ilihesabu maiti ishirini na mmoja, naye Nyanjiru akiwa mmojawapo. Askofu aliandika vitabu na hakupigwa risasi. Tunayataja haya mawili pamoja ili kila mmoja apewe sehemu yake.

Na Askofu Frank alikuwa na mipaka yake. Alitaka Mwafrika atendewe kama mtoto wa Mungu aliye huru, lakini hatuoni kwamba alidai Mwafrika ajitawale. Mbele ya ukaidi alikuwa mkali kupita kiasi, na waliotofautiana naye katika mafundisho walionja ulimi wake. Mwaka 1915 alitangaza kuvunja ushirika na Askofu wa Hereford kwa sababu ya kumpa cheo padre ambaye mafundisho yake hakuyapenda. Sisi hatumwigi katika hayo. Lakini aliwajua watu wa dayosisi yake kwa majina, tena kwa lugha yao, na alipowasemea alikuwa anawasemea watu aliokula nao.

Mara ya mwisho London ilipomsikia ilikuwa Julai 1923. Aliongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana wenye kupenda ibada za Kikatoliki, ukumbini Albert Hall. Walikuwa wamekuja kusikia juu ya madhabahu, uvumba na Sakramenti iliyohifadhiwa tabernakulo. Aliwaambia hayo, maana aliyapenda kwa moyo wote. Kisha akawageuzia uso upande wa pili: kwamba yule wanayempigia goti kanisani yuko pia katika vibanda vya maskini wa mji wao na katika miili ya wale wanaonyonywa jasho, na kwamba anayempita huko hana haki ya kudai amemwona madhabahuni. Watu hawakuisahau hotuba hiyo. Tunapenda kufikiri kwamba ilikuwa na vumbi la njia ya Bagamoyo ndani yake.

Alirudi kwa watu wake. Mwishoni mwa Oktoba 1924 alikuwa Hegongo, karibu na Magila, akiwa na jipu lililoingiza sumu katika damu. Siku zile dawa ya kuua sumu hiyo haikuwako. Alifariki tarehe 2 Novemba 1924, Siku ya Kuwakumbuka Marehemu Wote, akiwa na miaka hamsini na mitatu, akazikwa huko huko Bondei kati ya Wakristo wake.

Miaka sita baadaye, mwaka 1930, mataifa yaliyokutana Geneva yalipitisha Mkataba wa Kazi ya Lazima, na serikali zilizoutia sahihi zikaahidi kuikomesha. Hata hivyo makoloni yaliendelea kuutafutia mianya, hasa wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, ambapo watu wa Tanganyika walichukuliwa tena kwa nguvu kwenye mashamba ya mkonge na mpira. Tanganyika huru iliuridhia mkataba ule Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru.